Mstari wa Arobaini na Mbili

Orodha ya marehemu ilikuwa na majina arobaini na moja, lakini jedwali jipya lilitoka na mistari arobaini na miwili.

Penina, karani wa kompyuta katika chama cha kuzikana mjini Musoma, alijua kosa ni lake. Alipoiagiza kompyuta iwatafute marehemu hao katika daftari la wanachama na watoto wao, kisha iwaundie jedwali, alitakiwa kulinganisha namba za uanachama. Yeye, kwa uvivu tu, akalinganisha majina. Na kwao mtoto hatulii mpaka aitwe jina la aliyelala kaburini. Bintiye alilia siku tisa, akanyamaza alipoitwa Bhoke Werema, jina la marehemu mwanachama, bibi wa mumewe, aliyezikwa Mugeta. Hata mimba ya miezi saba aliyokuwa nayo, mama mkwe, ingawa bado yu hai, alikwisha kuipa jina lake mwenyewe, Mbuke.

Mstari wa mwisho ulikuwa wa bintiye aliye hai: Bhoke Werema, miaka minne, Buhare.

Akaufuta. Ukarudi, sasa ukiwa na tarehe ya kufa, nayo ni ya leo. Akafuta jedwali zima, likarudi. Akachomoa waya ukutani, skrini ikaendelea kuwaka, na ofisi ikajaa harufu ya udongo mbichi, na chini ya vigae, mchana kweupe, kitu kikaanza kuchimba kwa jembe, polepole, kama mtu aliyelipwa kwa siku.

Simu ikaita. Mama mkwe.

"Penina, mtoto anachemka. Anaongea kwa sauti ya kizee. Anasema wanamchimbia."

Enoka, karani mwenzake, alikuwa mtoto wa mganga wa Butiama. Akampigia baba yake, simu ikiwa kwenye spika.

"Huyo ni jini wa makaburini," mzee alinong'ona. "Yeye anahesabuga tu. Mmempa arobaini na wawili, atachukua hesabu yake. Mpeni jina lingine."

"La nani, baba?" Penina aliuliza.

"Siwezi kukuchagulia, mwanangu. Ila litoke nyumba hiyohiyo."

Penina alimfikiria mama mkwe: miaka sabini na moja, mdomo mchungu, chumvi ameshaila ya kutosha. Hakusali. Wala hakusita, na hilo ndilo linalonitia uchungu ninapolisimulia. Pale palipoandikwa Bhoke, akaandika Mbuke.

Jembe likakoma. Simu ikaita tena, naye akaipokea akijua atasikia kilio.

"Mtoto ameamka, anataka uji," alisema mama mkwe, mzima kabisa, akicheka. "Mungu ni mwema. Na huyo somo wangu wa tumboni je? Saa hizi si anachezaga?"

Penina akaweka kiganja tumboni. Tangu alfajiri alikuwa akipigwa mateke. Akabonyeza kidogo, akangoja, akabonyeza tena.

Chini ya vigae palikuwa kimya, na tumboni pia.