Keki za Shangazi

Maiti ililala chali mbele ya jiko la kuni. Mlango wa chuma wa jiko ulikuwa umefumuka, unaning'inia kwa bawaba moja. Karibu na mkono wa kulia lilisimama kopo la tina, ile dawa kali ya kuyeyushia vanishi.

"Ajali," alisema mwenye kiwanda kabla hajaulizwa. Alisimama kizingitini, leso puani. "Kaiba tina stoo, kazimwagia kuni ili ziwake upesi. Uzembe wa marehemu, Inspekta. Andika hivyo tumalize, watu warudi kazini."

Uzembe wa marehemu. Inspekta alikuwa ameyasikia maneno hayo viwandani mara nyingi kuliko alivyosikia pole. Aliyekatwa na msumeno, mzembe. Aliyeangukiwa na magogo, mzembe. Cha ajabu, hajawahi kusikia tajiri aliyekufa kwa uzembe.

Marehemu aliwapikia mafundi wa kiwanda hicho cha samani. Wote walimwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Binti yake alikaa nje juu ya gogo, macho makavu. Mama na mwana walikuwa wakiishi katika chumba kimoja nyuma ya karakana, na tajiri alikwisha kumwambia binti afungashe virago: mtoto wa mtu aliyelipua jiko hana haki ya chumba.

"Pole, mwanangu. Mama alikuwa akiwashia nini moto?"

"Keki."

"Keki?"

Binti aliingia, akashusha trei ya karatasi ya kuwekea mayai kutoka rafu ya juu ya mlango. Kila kishimo kilijaa maranda ya mbao yaliyomwagiwa nta ya mabaki ya mishumaa, ikagandia humo.

"Mafundi ndio waliziita hivyo. Anachana moja, anaiweka chini ya vijiti. Inawaka taratibu kama mshumaa, hairuki, mpaka kuni zishike. Maranda ya bure, trei za kuokota. Mafuta ya taa aliyafukuza humu zamani. Tina ndiyo usiseme kabisa, alikuwa hataki hata kopo lake lipite mlangoni."

"Nani alijua anavyowasha?"

"Kiwanda kizima. Jioni anapanga kuni, keki chini, anafunga jiko. Asubuhi ni kiberiti tu."

Mwenye kiwanda aliguna. "Basi mtu mwingine ndiye aliyeweka tina? Si angesikia harufu! Kitu kinanuka vile, hakunusa?"

Binti alimgeukia taratibu. "Mama hakuwa na pua."

"Nini?"

"Alipaka vanishi kwako mpaka pua ikafa. Ndipo mkamleta jikoni. Mimi ndiye niliyemnusia maziwa kama yamechacha. Alificha. Aliona haya, mpishi asiyesikia harufu."

"Hakuna aliyejua?" aliuliza Inspekta.

"Wa zamani wa chumba cha vanishi tu, na wote wameshaondoka. Kabaki Brashi, msimamizi. Na kesho kutwa, afande, Mama alikuwa aende mahakamani, kwenye kesi dhidi ya kiwanda, kusema kwamba chumba kile hakina dirisha linalofunguka."

Mwenye kiwanda akakumbuka ana simu ya kupiga.

Inspekta alivaa glavu, akapiga magoti, akainua kopo. Sakafu chini yake ilikuwa nyeusi kwa masizi. Kopo lenyewe liling'aa kama limetoka dukani.

"Koplo, piga picha hapa. Moto ulipolipuka kopo hili halikuwepo. Limeletwa baadaye, na marehemu hafufuki kwenda stoo."

Kwenye droo ya majivu walikuta vipande vya matambara ya kusugulia vanishi, havijaungua vikaisha. Vikaingia kwenye mfuko wa vielelezo.

Brashi aliitwa ofisini. Alikuwa mtu mdogo, mpole, koti limefungwa vifungo vyote. Alipoketi, Koplo alikohoa. Inspekta alifungua dirisha.

"Leo umeshika tina?"

"Mimi? Tangu niwe msimamizi sishiki brashi wala tina, afande. Nashika funguo."

"Ulifanya kazi na Shangazi?"

"Tulianza siku moja. Yule alikuwa dada yangu. Nimelia mpaka basi."

"Pole. Naona koo limekukauka. Kunywa maji."

Inspekta alimsogezea glasi. Brashi alishukuru kwa mikono miwili, akainua. Ukingo ulipokaribia mdomo, Inspekta alimdaka kiwiko cha mkono.

"Koplo, hii ni nini?"

"Tina ya stoo, afande. Naisikia tangu mlangoni hapa."

Glasi ilirudi mezani. Brashi aliitazama kama kitu kilichomwita kwa jina.

"Pua yako ilikufa pamoja na yake," alisema Inspekta. "Ulipoloweka yale matambara tina ilikumwagikia. Mikono umenawa. Koti hukuweza kulinusa."

Halafu mabega ya msimamizi yakashuka.

"Siku harufu ilipotupotea tulicheka," alisema. "Tulidhani mafua."

"Ulimuua kwa nini?"

"Niliapa mahakamani kwamba madirisha yapo. Ndipo nikapewa funguo. Yeye angesema yamezibwa kwa mbao, na mbao hizo nilizipigilia mimi, tajiri alipochoka na vumbi linaloharibu vanishi. Nilimbembeleza. Dada, umeshapata jiko, nyamaza. Akaniambia, 'Umeuza pua yako, sawa. Yangu nani alikupa uiuze?'"

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Bosi alisema tu, mama yule akifika mahakamani, funguo nirudishe."

Mwenye kiwanda alikuwa koridoni, anasikiliza. "Nilisema funguo," alijibu haraka. "Kusema funguo ni kosa?"

Halikuwa kosa. Inspekta alizijua sheria, na aliwajua waliozitunga. Hakuna aliyewahi kupaka vanishi.

"Binti ni shahidi wangu," alimwambia. "Anabaki chumbani kwake. Mizigo yake ikiguswa, narudi. Na mbao za madirishani zisiguswe, ni vielelezo."

Binti alisimama penye mlango wa jikoni, ameikumbatia trei. "Utaandika uzembe?"

"Nitaandika mauaji."

Binti aliitikia kwa kichwa mara moja. Hapo ndipo machozi yakamtoka.

Brashi alipitishwa uani, pingu mikononi. Katikati ya njia alisimama. "Afande, hili koti linanuka sana?"

"Mpaka getini."

"Lakini asubuhi nzima nilikuwa chumba cha vanishi, nawapangia watu kazi. Tumesimama bega kwa bega. Mbona hakuna aliyeniambia?"

Vijana wa vanishi walikuwa wamejipanga mlangoni mwao, brashi mikononi, wengine hata ndevu hazijaota. Msimamizi alipita mbele yao karibu kiasi cha kuwagusa. Koplo, aliyetangulia mbele, aligeuza uso na kukohoa tena.

Wale vijana walitazama tu. Hata mmoja hakukunja pua.