Alama ya Taa Juu ya Paa

Kila asubuhi Zuleikha alikuwa na kazi yake, na aliipenda kweli. Baba yake, Rashidi, akiwasha gari, yeye anakaa kiti cha mbele na kuweka kiganja kwenye tundu la AC. Hewa ikiwa ya moto, anasubiri. Ikipoa, anachungulia dirishani na kumwambia mama yake, "Tayari." Hapo ndipo Mama anatoka kivulini. Ukiishi Abu Hamour, mtaa wa hapa Doha, mwezi wa sita, huwezi kuingia tu kwenye gari lililolala juani. Kiti kinakuchoma mpaka unaruka.

Tena siku hizo Mama alikuwa na mimba kubwa, anakaribia kabisa kujifungua, na daktari alishamkataza kukaa kwenye joto.

Sasa sikia kilichotokea. Asubuhi moja Zuleikha akaweka kiganja, akasubiri, akasubiri tena. Hewa ikawa ya moto vilevile, kama pumzi ya mtu mwenye homa.

"Baba, haipoi."

Rashidi ni dereva wa hoteli, magari anayajua. Akabonyeza hapa, akazungusha pale, wapi. Lakini hakuogopa. Gari lilikuwa bado na waranti, ile ahadi ya wauzaji kwamba kitu kikiharibika chenyewe, wanakitengeneza bure.

Aliyemtia wasiwasi ni Owen, Mkenya anayefanya naye kazi. "Na hiyo taa ya juu je? Hao jamaa wakiiona tu, umeisha. Mimi walikataa kunitengenezea gia boksi sababu nilibadilisha rimu za magurudumu. Rimu, bwana."

Ilikuwa taa ndefu, Rashidi aliifunga juu ya paa wakati wa baridi, walipokuwa wakienda kupiga kambi jangwani. Jioni ile akaifungua, akaisukuma chini ya kitanda, akaziba matundu ya skrubu.

"Kesho ukiulizwa, hujui kitu," akamwambia Zuleikha.

Zuleikha alikasirika. Yeye akidanganya kuhusu kazi za shule ananyang'anywa simu.

Kesho yake wakaenda wote watatu kwa wauzaji, ili wakitoka hapo wampeleke Mama kliniki. Walifika vioo viko wazi, Mama analowa jasho, anajipepea kwa kadi ya kliniki. Mpokea magari alikuwa Mganda, shati limenyooka, jina limeandikwa kifuani: Herbert. Akalizunguka gari. Akapanda kwenye ukingo wa mlango, akatazama paa. Akatabasamu, na si tabasamu zuri.

"Mzee, hapa palikuwa na nini?"

"Hapakuwa na kitu," alijibu Rashidi.

"Njoo uone."

Wakaona. Jua la Doha lilikuwa limepausha rangi ya bluu ya paa lote, isipokuwa mstari mmoja mrefu katikati, bado unang'aa kama siku gari linanunuliwa. Taa ilikuwa imetolewa, lakini kivuli chake kilibaki.

"Mnafunga makorokoro yenu, mkiharibu mnakuja kutudanganya," Herbert alisema huku akiondoka. "Gari likishachezewa, sisi hatuligusi. Waranti hamna."

"Unaniita mwongo?" Rashidi akamfuata, sauti juu. "AC yangu imekufa, wewe unanionyesha paa?"

"Si mimi nimekuita. Paa limekuita."

Mafundi wakacheka. Zuleikha akamtazama mama yake, uso umemwiva, macho ameyafumba. Hasira ikamjaa. Alimkasirikia Herbert, na zaidi alimkasirikia baba yake.

"Ilikuwa taa," akasema kwa sauti. "Iko chini ya kitanda, Baba aliitoa jana. Amekosea kukuficha. Lakini wewe hata boneti hujafungua. Umejuaje kama taa ndiyo iliyoua AC?"

Rashidi akamgeukia kwa jicho kali. Herbert akacheka. "Binti, wewe ndiye fundi siku hizi?"

"Mjibu mtoto," sauti ikatoka nyuma. Alikuwa Michelle, msimamizi wa karakana, Mkenya mrefu mwenye miwani. "Umefungua boneti?"

"Bado, madam, lakini wameficha."

"Kuficha ni makosa, na nitamwambia mwenyewe. Lakini hukatai kazi kwa sababu umeudhika. Kama taa imeharibu, tuonyeshe ilivyoharibu. Kama hujui, fungua uangalie." Akamgeukia Rashidi. "Na wewe baba, ilete hiyo taa na waya zake. Huyu mama anapelekwa kliniki na gari letu, sasa hivi."

Taa ikaletwa. Mafundi wakafuata mahali waya wake ulipopita garini: ulikuwa na njia yake, fyuzi yake, haukugusa kitu kingine. Kisha wakaifungua AC. Gesi ilikuwa imevuja kwenye kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya kupoza, mahali palipotoka kiwandani na kasoro. Ikabadilishwa bure. Herbert alileta ufunguo mwenyewe. "Samahani, mzee," akasema, anatazama sakafu.

Siku Mama alipotoka hospitali na mtoto wa kiume kifuani, Zuleikha alikuwa tayari kwenye kiti cha mbele, kiganja kwenye tundu.

"Bado umenikasirikia?" baba yake aliuliza.

"Kidogo."

"Una haki. Na mimi siku ile nilikuwa nayo haki, mwanangu. Wale walikuwa wanadaiwa kunitengenezea. Lakini nilipoisukuma taa chini ya kitanda, haki yangu ikaanza kufanana na wizi, na yule kijana akapata sababu ya kunifukuza. Unapodai kilicho chako, nenda na ukweli wote, hata ule unaokuaibisha. Ukishausema mwenyewe, hakuna wa kukutishia nao."

Hewa ikapita kwenye vidole vya Zuleikha, baridi. Akachungulia dirishani.

"Tayari," akasema.