Gauni Lililofumuliwa Ubavuni

Akina mama wenzangu, nanyi akina baba mnaojifanya hamsikii, hili linawahusu.

Chumba chetu cha kazi kilikuwa na raha yake. Mimi nasuka nywele mlangoni, shoga yangu fundi anashona dirishani, na umbea hauishi. Cherehani yake aliinunua kwa mkopo wa kikundi chetu cha wanawake, na sasa alisubiri mkopo wa pili anunue ya kudarizi.

Nikaanza kumwona anafumua gauni lake ubavuni na kuongeza kitambaa.

"Shoga, umenenepa!"

"Raha za mume hizo," akanijibu, tukacheka.

Kumbe ana mimba ya miezi saba! Kliniki hajakanyaga hata siku moja, maana muuguzi wa pale ni mwanakikundi mwenzetu.

Asubuhi moja cherehani ikanyamaza. "Kichwa kinapasuka," akasema. "Hata wewe sikuoni vizuri." Miguu ilikuwa imevimba mpaka viatu vimekataa kuvuka. Nikapiga kelele. Mumewe, seremala wa jirani, akaja mbio, na mwenyekiti wa kikundi akatafuta teksi.

Tukamkimbiza kliniki, na yule muuguzi alipompima alibadilika uso. "Presha iko juu mno. Mngechelewa kidogo tungewapoteza wote wawili."

"Mwanangu, kwa nini ulificha?" mwenyekiti akamuuliza.

"Msusi alisema mjamzito hakopeshwi."

Jamani, nilitamani ardhi inimeze. Ni kweli nilisema, tena kwa utani, nikichekesha wateja. Sheria hiyo haipo wala haijawahi kuwepo. Nililia mbele za watu bila haya.

Seremala naye akainamisha kichwa. "Mimi nilijua, mama. Nilidhani kliniki ni mambo yao wanawake."

Alihamishiwa hospitali kubwa, akalazwa wiki tatu, kisha akajifungua kwa upasuaji. Mtoto ni wa kike, mdogo, lakini akilia wodi nzima inaamka. Mwenyekiti alimpelekea fomu ya mkopo kitandani, naye akaitia sahihi huku ananyonyesha.

FUNZO

Mama, ukiwa na mimba nenda kliniki mapema, na habari za mkopo waulize viongozi wa kikundi, si wapiga soga. Baba, mimba ni yako pia, mpeleke mkeo. Na sisi wenye midomo isiyo na breki, tuchunge utani wetu. Wangu ulibaki kidogo tu uzike mama na mwanawe.