Waya wa Ethi

Honi ya pikipiki ililia asubuhi, na betri yake ilikuwa juu ya meza.

Gulzaman, fundi wa pikipiki kuukuu pale Peshawar, alicheka tu. Chombo hicho cha enzi za Waingereza alikifukua kwenye kifusi cha nyumba iliyohamwa, akakifufua chuma kwa chuma ili amzawadie mkwewe mtarajiwa siku ya harusi ya binti yake, Spogmai. Ilibaki tabu moja: ethi, waya wa kurudishia umeme kwenye fremu. Umeme uliingia kwenye taa ila haukupata njia nzuri ya kurudi, taa ikafifia kama jicho la mgonjwa.

Akakwangua rangi ya fremu mpaka chuma kikang'aa, akafunga waya mpya wa ethi, akakaza bolti. Alipounga betri, taa iliwaka nyeupe pee. Jikoni kukasikika kishindo, kisha ikaja harufu ya nywele zilizoungua.

"Baba Spogmai!" mkewe alinong'ona mlangoni. "Zima hicho kitu. Mtoto amekakamaa."

Akachomoa betri. Taa haikuzimika. Akaukata waya wa ethi kwa koleo, ikazidi kuwaka, na alipokimbilia jikoni alimkuta Spogmai amesimama kwa ncha za vidole, unga umemganda viganjani, meno yameumana, na kifuani mwake mkivuma mvumo wa waya wenye moto, ukipanda na kushuka, ukipanda na kushuka, kama kitu kinachopumua bila kuhitaji hewa.

"Unarudi kupitia wapi?" Gulzaman alijikuta akiuliza, kama auulizavyo umeme anapotafuta hitilafu.

"Kwa huyu," midomo ya binti ikajibu kwa sauti ya mzee.

Mullah wa msikitini aliitwa, akasoma mpaka koo likamkauka. "Toka, ewe kiumbe! Unataka nini?"

"Sitaki kitu. Nilijilalia ndani ya chuma. Mmenifungulia njia, nimepita."

Mullah akavaa makubadhi yake. "Ndugu yangu, jini mwenye haja hupewa haja yake akaenda zake. Huyu hana haja. Nimwambie nini mimi?"

Gulzaman aliipondaponda pikipiki kwa nyundo, akaipeleka tanurini ikayeyushwa. Haikufaa kitu. Wakwe wakavunja posa. Ijumaa, siku ambayo angepakwa hina, Spogmai alikata roho.

Waosha maiti waliugusa mwili, wakaruka nyuma wakipiga mayowe, wakakimbia. Mama mtu akamwosha peke yake, kwa maji tele, akimkumbatia, asimsikilize yeyote aliyemkataza.

Wanaume waliporudi kutoka makaburini, Gulzaman alimkuta mkewe kwenye kitanda cha kamba, macho makavu. Akamletea chai ya kijani, akachuchumaa mbele yake.

"Mama Spogmai, onja japo funda moja. Binti yetu ameshapumzika."

Mwanamke akainua uso polepole, akatabasamu kwa adabu, kama mgeni aliyekaribishwa nyumba asiyoijua, na kifuani mwake mkivuma ule mvumo wa waya.

"Spogmai ndiye nani?"