Shabaha Yako Ni Nani?

"Ni huyu! Huyu hapa mwenye miwani!"

Jamani... aliyeninyooshea kidole ni wifi yangu, Housna! Dada wa mume wangu! Uani kwake ndiko nilikofikia.

Nyuma yake, mzungu mamluki na bunduki yake.

Hapo ni Mutsamudu, mji wa kisiwa jirani na kwetu Moroni, mwaka 1983. Ambao hamkuwepo, eleweni: mamluki ndio walioshika nchi. Ukichongewa kwao, huenda usirudi nyumbani. Na mimi Moroni nilimwacha Anziza wangu bado ananyonya...

Kosa langu? Maswali ya saikolojia!

Wajerumani waliyatunga, kupima jinsi mtu anavyofuatilia jambo analolitaka maishani. Chuo chetu kikanituma niyatafsiri kutoka nakala ya Kifaransa kwa lugha yetu, kisha niyajaribu kila kisiwa, nione kama watu wanaelewa kitu kilekile.

Moroni, safi kabisa. Mutsamudu nikawasomea kina mama pale uani:

"Nina shabaha, na siiachi mpaka niipate."

Wakatazamana. Nikadhani wanatafakari. Kumbe wifi keshatoka kwenda kuwaita mamluki!

"Shabaha yako ni nani?" mzungu akauliza kwa Kifaransa.

"Si nani. Ni nini! Kujenga nyumba, kusomesha mtoto..."

"Huyu mama anasema unawafundisha wanawake kulenga watu."

Nilichoka, jamani. Miguu imevimba, maziwa yananiuma kifuani. Hata nguvu ya kulia sina.

"Bwana, sisi tuna kipimo chetu," nikamwambia. "Shika karatasi hii ya Kifaransa. Tafuta mtu asiyewahi kuiona, nimsomee kwa lugha yetu, airudishe kwa Kifaransa. Ikirudi vilevile, niache. Isiporudi, nifunge."

Akamwita askari wake aliyebaki kwenye gari.

Akaingia Oumouri... mtoto wa Housna! Mzaliwa wa hapohapo Mutsamudu.

Nikasoma. Oumouri akamtazama mama yake. Akanitazama mimi.

Kisha kwa Kifaransa: "Nina jambo ninalolitaka maishani, na siliachi mpaka nilipate."

Mzungu akatazama karatasi. Akasonya.

"Upuuzi wa walimu. Twende."

Nikamgeukia wifi, nimejaa hasira mpaka hapa!

"Umesikia? Mwanao ameelewa! Wewe ulitaka nife?"

"Ulisema shabaha!" Housna akaangua kilio. "Wenye kulengwa hapa ni nani, kama si hao askari? Nilidhani mnataka kumpiga risasi mwanangu!"

Oumouri alikuwa amejivuta nyuma mlangoni, anajifanya anafunga kamba za buti. Akanong'ona:

"Mama Anziza, hilo neno lifute. Mama kasikia sawasawa. Kwetu hapa shabaha ni ya risasi tu. Mimi nimemdanganya yule mzungu."

Nikakaa chini, puu!

Yaani aliyenichongea ndiye aliyenielewa. Aliyeniokoa ndiye aliyetafsiri uongo!

Na mimi nimejiwekea kitanzi kwa mkono wangu, kwa kipimo nilichokiamini kuliko watu.

Nikalifuta lile neno palepale.

"Wifi, jambo unalolitaka sana maishani, nyinyi mnaliitaje?"

Akapangusa kamasi kwa ncha ya leso. "Leo ndiyo unaniuliza?"

"Leo ndiyo nakuuliza."

Akaniambia. Neno lake ndilo lililochapwa kwenye maswali ya Mutsamudu.

Kwa hiyo, wasomaji wangu, kabla hujamwita ndugu yako msaliti, muulize amesikia nini. Lugha unayodhani ni moja inaweza kukupeleka jela.

Haya, nendeni mkalale. Nimechoka.