Gauni la Pasaka la Yudith

Yudith ni fundi cherehani mjini Kilosa. Hukaa kitini tangu asubuhi mpaka jioni. Kwenda sokoni, bodaboda. Kwenda kanisani, bodaboda.

Kila Pasaka kwaya yao hupanda kwa miguu, ikiimba, hadi kanisa la mlimani. Hapo ndipo alipozikwa mama yake Yudith. Mwaka jana Yudith aliishia njiani, akihema. Januari hii Ditram, mwalimu wa kwaya, alimwambia Yudith mbele ya wote:

"Mama Brayan, nakupa wiki mbili. Kimbia kila siku mpaka kijiji cha Masanze na kurudi. Ukishindwa, Pasaka utabaki chini."

Watu wakacheka. Mimi nilikuwepo, na mpaka leo nakasirika. Mtu mzima anachekwaje kwa sababu ya mwili wake? Na huyo Ditram hakimbii hata akinyeshewa mvua!

Yudith naye alikosea. Alijishonea gauni la kwaya dogo kwa saizi mbili, ili limlazimishe kupungua. Siku ya kwanza alikimbia. Siku ya pili magoti yalivimba. Siku ya tatu alikaa na lile gauni mapajani, analia.

Lea, mhudumu wa afya wa mtaa wao, alimkuta hivyo.

"Shikamoo, mama Brayan. Kuna nini?"

"Marahaba, mwanangu." Yudith akamweleza yote.

"Masanze?" Lea alifoka. "Huo ni ukatili! Kwanza nenda kituo cha afya, wakupime presha na kuangalia magoti. Wakikuruhusu, utatembea. Dakika ngapi kwa siku?"

"Thelathini."

"Utaziweza?"

"Labda."

"Labda siitaki. Punguza."

"Ishirini. Nitajaribu."

"Punguza tena."

Yudith alifikiri. "Kumi. Kumi naziweza."

"Basi anza na hizo. Ukizizoea wiki nzima, ongeza tano. Goti likiuma, pumzika. Kupumzika si kushindwa. Kila siku weka alama kwenye kalenda, ujionee unavyosonga mbele."

"Watanicheka."

"Wacheke. Wewe jua kwamba Pasaka utafika."

Kituo cha afya kilimruhusu. Wiki ya kwanza alitembea mpaka stendi tu, akarudi. Wiki ya nne alikwenda sokoni kwa miguu. Wiki moja goti lilimsumbua, akapumzika siku mbili, kisha akaendelea. Mwezi Machi alianza kupanda vilima. Lile gauni alilifumua pembeni akaliongeza upana, likamkaa vizuri.

Pasaka ilipofika, Yudith alipanda polepole, akiimba. Alifika juu, akasimama kando ya kaburi la mama yake. Machozi yalimtoka.

Ditram alifika wa mwisho, mkono kiunoni.

"Kumbe... unaweza!"

"Ulinipa wiki mbili, mwalimu," Yudith alisema. "Mimi nilihitaji kumi na mbili."

Ditram aliketi kwenye jiwe, akihema. Yudith akaanzisha wimbo bila kumsubiri.