Chungu cha Fano na Moto wa Mji

Zamani sana, miji ya Ugiriki ilikuwa bado haijazaliwa. Kulikuwa na milima, mbuzi, na vijiji vidogo vyenye maneno mengi.

Juu ya mlima palikuwa na kijiji cha Juu. Humo aliishi msichana mdogo aitwaye Fano.

Chini ya mlima palikuwa na kijiji cha Chini. Watu wa Juu walisema wale wa Chini wananuka samaki. Watu wa Chini walisema wale wa Juu wanalala na mbuzi. Hata harusini hawakualikana.

Lakini wezi walikuja kutoka baharini. Walipoiba Chini, watu wa Juu walijifungia. Walipoiba Juu, watu wa Chini walijifungia.

Mwishowe wote wakachoka. Wakakubaliana kujenga mji mmoja katikati, wenye ukuta mmoja na soko moja.

Na mji mmoja una moto mmoja. Ndiyo desturi yao. Kila kijiji kilete makaa yake, yawekwe pamoja uwanjani. Kijiji kisicholeta moto hakimo mjini.

Makaa yalibebwa na watoto. Watu wa Juu wakamchagua Fano.

Bibi yake akampa chungu chenye makaa mekundu. "Moto ukizimika, mjukuu wangu, sisi hatumo," akamwambia. Kisha akatangulia uwanjani, asije akapitwa na habari.

Fano akashuka mlima. Tapu, tapu, tapu.

*Moto, moto, usilale.*
*Mji wetu uko mbele.*

Upepo ukaja. Vuuu! Makaa yakafumba macho.

Fano akapuliza. Fu, fu, fu. Makaa yakafumbua macho.

*Moto, moto, usilale.*
*Mji wetu uko mbele.*

Upepo ukarudi. Vuuuuu!

Fano akauonea moto huruma. Akafunika chungu kwa kifuniko. Akavua mtandio, akakifunika tena gubigubi. "Sasa hutasikia baridi," akaunong'oneza.

Tapu, tapu, tapu. Mbona chungu hakina joto?

Fano akafunua. Akapuliza. Fu, fu, fu.

Majivu tu. Majivu ya kijivu, yamenyamaza kabisa.

Fano akakaa chini, pale njia ya Juu na njia ya Chini zilipokutana kuelekea mjini. Akakipakata chungu.

Tapu, tapu, tapu. Akaja msichana mwingine na chungu chake. Alikuwa Mirto, wa kijiji cha Chini. Hawakuwa wamewahi kusemezana.

Mirto akachungulia. "Umeunyima pumzi," akasema. "Moto unapumua kama sisi."

Fano akangoja kuchekwa. Mirto hakucheka. Akaitazama njia. Angeweza kwenda zake, na mji wote ungekuwa wa Chini peke yao.

Akamtazama Fano.

"Nikifika peke yangu," akasema, "nitacheza na nani huko?"

Akachukua kaa moja jekundu kwa vijiti viwili. Akalitia kwenye chungu cha Fano. Wakapuliza pamoja. Fu, fu, fu.

Chi, chi, chi, likalia kaa. Likawaka!

Wakaenda wote wawili, vyungu wazi.

*Moto, moto, usilale.*
*Mji wetu uko mbele.*

Uwanjani wakubwa walikuwa wameshaanza. Moto wa nani utangulie kuwekwa? Wa Juu? Wa Chini? Kila mtu alisema wake.

Bibi yake Fano akachungulia vyungu vyote viwili, akashika kiuno. "Wetu ndio moto," akasema. "Tazameni unavyong'aa. Ule wao ni wa kuchomea dagaa."

Fano akamvuta nguo.

"Bibi, huu ni wao. Wetu ulizimika njiani. Mirto alinigawia."

Watu wote wakamgeukia bibi.

Bibi akafungua mdomo. Akaufunga. Akachungulia tena chungu hiki, na chungu kile.

Kisha akaanza kucheka. Kwi, kwi, kwi! Akacheka mpaka akamshika mama yake Mirto asianguke. Na watu wa Chini wakacheka, na watu wa Juu wakacheka.

"Haya, mimineni wote pamoja," bibi akasema, akifuta machozi.

Chwaa! Makaa ya vyungu viwili yakaangukiana. Moto ukasimama, mrefu kuliko mzee yeyote pale.

Jua likazama. Fano na Mirto wakala tini kwenye sahani moja. Kisha wakalala mkeka mmoja, miguu imepandana.

Uwanjani, wakubwa walikuwa wanaota moto. Mmoja akauliza, "Sasa mji huu tuuite nani?"

Wakaanza tena kubishana.

Fano hakusikia. Mirto hakusikia.

Walikuwa wamelala fofofo, mjini kwao.